Bergen, Turku au Luwero: mpango upi wa kuzuia uonevu unaifaa shule yenu?

Nilipokuwa mwalimu wa malezi katika shule moja ya bweni, nilifanya kosa ambalo ndilo lililonisukuma kuzisoma tafiti za uonevu kwa makini. Mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa akiamshwa saa kumi na moja alfajiri kumchotea maji kijana wa kidato cha tatu. Ndoo mbili, kutoka bombani hadi bwenini, kabla hajachota yake. Niliwaita wote wawili ofisini, nikamsikiliza kila mmoja kwa zamu yake, nikawaambia ninyi ni ndugu, peaneni mikono yaishe. Wakapeana mikono. Kesho yake ndoo zikawa tatu, na yule mtoto hakunijia tena. Habari za ndoo ya tatu nilizipata mwezi mzima baadaye, kwa mwenzake aliyekuwa akilala kitanda cha juu.

Nilichokifanya siku ile ni usuluhishi, na kwa ugomvi ni dawa nzuri. Wawili waliogombania mpira au daftari, wenye nguvu sawa, wakalishwe chini wayamalize. Uonevu ni jambo jingine. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi zake kubwa Norway hadi alipofariki mwaka 2020, ndiye aliyeuwekea vigezo vitatu ambavyo watafiti wengi bado wanavitumia: anayetenda amekusudia, jambo lenyewe linajirudia, na nguvu za pande mbili hazilingani. Yule mtoto wa ndoo hakuwa na chochote cha kutoa ili wakutane katikati. Nilimkalisha mbele ya mtu anayelala naye bweni moja, nikamtaka amshitaki uso kwa uso, kisha nikamrudisha bwenini kwake.

Kigezo hicho cha nguvu kisipitwe haraka, maana ndicho kinachoutenga uonevu na utani, na sisi watu wa utani tunakielewa bila kufundishwa. Mchaga na Mpare, au Mhehe na Mngoni, wakitaniana hata msibani, kila mmoja ana haki ya kurudisha. Mtoto asiyeruhusiwa kurudisha hataniwi. Wanafunzi wakikwambia “tunamtania tu, mwalimu”, waulize huwa anawajibu nini, halafu uwatazame nyuso.

Sasa kamati za shule na wazazi wakiniuliza wachukue mpango gani, huwa nawawekea mitatu mezani. Wa kwanza ni wa Olweus, uliojaribiwa Bergen, Norway. Wa pili ni KiVa, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Turku, Finland. Wa tatu ni Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices la Kampala, uliopimwa katika wilaya ya Luwero, Uganda. Yote ina utafiti nyuma yake, si semina ya siku mbili yenye fulana na vitafunwa. Lakini kila mmoja umejengwa juu ya wazo lake kuhusu chanzo cha uonevu, na wazo hilo lisipooana na shule yenu, hela na muda vitapotea.

Bergen: macho ya watu wazima

Mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway, wenye umri kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na kwa kila dalili sababu ilikuwa uonevu mkali wa wenzao. Nchi ilitikisika. Mwaka uliofuata wizara ya elimu ilianzisha kampeni ya taifa, na Olweus akaifuatilia katika shule 42 za Bergen zenye wanafunzi wapatao 2,500.

Wazo lake ni kwamba mwonevu hustawi mahali ambapo mtu mzima hayupo, au yupo lakini amenyamaza. Kwa hiyo mpango unaanza na dodoso wanafunzi wanalojaza bila kuandika jina: umeonewa mara ngapi miezi hii, wapi, na nani alijua. Majibu yanasomwa mbele ya walimu wote kwa siku nzima. Kisha inakuja zamu ya uhakika wakati wa mapumziko, kanuni chache za darasa, vikao vya darasa vya mara kwa mara, na mazungumzo mazito na mwonevu, kisha na aliyeonewa, kila mmoja peke yake, wazazi wakihusishwa. Kanuni zenyewe ni nne: hatuonei wenzetu, tunamsaidia anayeonewa, tunamshirikisha aliyetengwa, tukijua mtu anaonewa tunamwambia mtu mzima shuleni na mtu mzima nyumbani.

Hiyo ya nne ndiyo ngumu kwetu. Anayesema anaitwa mchongeaji, na jina hilo halifutiki mpaka anamaliza shule. Walimu pia tuna lawama hapo, kwa sababu mara nyingi tumemtaja aliyetuletea habari mbele ya aliyesemwa.

Bergen uonevu ulishuka kwa nusu au zaidi. Ni takwimu inayonukuliwa kila mahali, na wanaoinukuu husahau kuongeza kwamba katika mkoa wa Rogaland, humo humo Norway na katika kampeni hiyo hiyo, matokeo hayakukaribia hapo. Shule za Bergen zilikuwa na watafiti karibu yao, wakizirudishia takwimu zake na kuzisaidia kuzisoma. Kwingine vifaa vilifika, usimamizi haukufika. Mkiuziwa mpango huu kwa ahadi ya nusu, ulizeni nani atakuja kukaa nanyi muhula wa pili.

Turku: kuwageuza watazamaji

Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti wa wanafunzi 573 wa darasa la sita nchini Finland. Hawakutosheka na maswali mawili ya nani anaonea na nani anaonewa. Waliuliza kila mmoja hufanya nini uonevu unapotokea. Katika kila wanafunzi 100, waonevu wenyewe walikuwa 8 hivi. Wanaowasaidia, wale wa kumshika mtoto mikono, walikuwa 7. Wanaocheka na kushangilia walifika karibu 20. Watetezi walikuwa 17, na waliojiweka pembeni karibu 24.

Nilipozisoma takwimu hizo nililikumbuka bweni. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa mmoja. Lakini kila alfajiri kulikuwa na vitanda 20 na zaidi vilivyosikia jina likiitwa gizani, na kuna waliocheka.

Watafiti wa Canada nao walirekodi watoto kwa kamera na vinasa sauti katika viwanja vya shule za Toronto, na mwaka 2001 wakaeleza walichokiona. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu kulikuwa na wenzao wakitazama. Aliyejitokeza kuzuia alikuwepo katika asilimia 19 tu. Lakini alipojitokeza, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde hizo ndizo KiVa inazozitafuta. Mwonevu anatafuta heshima machoni pa wenzake, kwa hiyo wenzake wakiacha kumpa, faida yake inapungua.

Jina KiVa limefupishwa kutoka maneno ya Kifini yenye maana ya “dhidi ya uonevu”, na neno lenyewe kwa Kifini ni “safi, poa”. Kuna masomo ya mwaka mzima, michezo ya kompyuta ambayo mtoto anafanya mazoezi ya kumtetea mwenzake, na vizibao vya rangi kali kwa mwalimu wa zamu ili aonekane kutoka mbali. Kila shule ina timu ya watu wazima watatu wa kushughulikia kesi. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: baada ya kuzungumza na aliyeonewa na waonevu, mwalimu wa darasa anawaita faragha wanafunzi wawili hadi wanne wanaopendwa na wenzao, anawaomba wamsogelee yule mtoto. Wakae naye. Watembee naye. Hiyo haihitaji kompyuta.

Jaribio lake lilifanyika kati ya 2007 na 2009 katika shule 234 zenye wanafunzi wapatao 30,000, na tangu 2009 mpango ukasambazwa nchi nzima. Faida ilionekana wazi zaidi katika madarasa ya shule ya msingi, ikapungua kwa watoto wa darasa la saba hadi la tisa.

Watu wa Turku wametufikirisha pia kuhusu mtoto anayebaki. Katika shule ambako uonevu umepungua, wachache wanaoendelea kuonewa mara nyingine huwa na hali mbaya zaidi ya moyo kuliko wenzao wa shule zenye uonevu mwingi. Zamani walikuwa wengi, kila mmoja angeweza kusema “si mimi peke yangu”. Sasa mtoto amebaki peke yake, na anaanza kuamini kwamba tatizo ni yeye. Kwa hiyo anayewaonyesha asilimia zilizoshuka, muulizeni na majina ya waliobaki.

Luwero: anzeni na mikono ya mwalimu

Mpango wa Uganda haukutengenezwa kwa ajili ya uonevu wa mtoto kwa mtoto. Shabaha yake ni ukatili unaofanywa na wafanyakazi wa shule, fimbo kwanza. Ndiyo maana baadhi ya watu huniambia umepotea njia kuuweka kwenye ulinganisho huu. Mimi nauweka kwa makusudi.

Fikirieni mtoto anajifunza nini anapoona kila asubuhi kwamba mwenye cheo anampiga asiye na cheo, na jambo linaisha hapo. Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha mwaka 1961, kwa watoto 72 wa shule ya awali huko Stanford, Marekani, kwamba mtoto aliyemwona mtu mzima akilipiga sanamu la mpira alilipiga vilevile, hata kwa maneno yale yale. Sanamu si mtoto, na maabara si shule. Lakini katika utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, takriban robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walitajwa sana miongoni mwa waliofanya hivyo. Ukimwambia mtoto wa shule kama hiyo kwamba kumpiga mdogo wako ni uonevu, ana haki ya kukuuliza swali.

Luwero, Karen Devries wa chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London na wenzake walizifuatilia shule za msingi 42, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Nusu ya shule ziliutumia mpango kwa miezi 18. Kuna hatua sita na shughuli zipatazo 60: walimu na wanafunzi wanachagua waongozaji wao, kanuni za shule zinaandikwa pamoja, kunakuwa na sanduku la maoni na mahakama ya wanafunzi, na walimu wanajifunza kulishughulikia kosa lile lile bila fimbo. Mwishoni, watoto waliosema walipigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31, dhidi ya karibu asilimia 49 katika shule ambazo hazijaanza.

Thelathini na moja bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu kila wiki. Sitaki mtu aondoke akidhani Luwero walimaliza kazi. Na katika dodoso la mwisho, watoto 434 walieleza mambo mazito kiasi cha kupelekwa kwa watu wa ulinzi wa watoto. Ukiuliza, watoto watakujibu. Kabla hamjagawa dodoso la mpango wowote, hakikisheni mna namba ya afisa ustawi wa jamii na mmeshazungumza naye.

Mkiiweka ubavu kwa ubavu

Tuanze na umri, kwa sababu ndio unaopuuzwa zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 na David Yeager na wenzake ulionyesha kwamba mipango hii hupungua nguvu kadiri watoto wanavyokua, na kufikia darasa la nane hivi faida yake inakaribia kutoweka. Samaki mkunje angali mbichi, kweli. Kijana wa miaka 16 akiwekewa katuni inayomfundisha kuwa mwema anaona anadharauliwa. Kwa shule ya msingi, KiVa inaongoza. Kwa sekondari, naegemea upande wa Bergen, kwa sababu zamu na usimamizi havimuombi kijana abadilike moyo kabla ya mdogo wake kuwa salama.

Bweni linazidisha hoja hiyo. Mipango yote mitatu ilipimwa hasa katika shule za kutwa, ambako mtoto anapata kupumua saa tisa alasiri. Njuka wa bwenini, yaani mwanafunzi mgeni, au mono kama wanavyoitwa Kenya, hana saa tisa. Utafiti wa David Ndetei na wenzake katika sekondari za umma za Nairobi, uliochapishwa 2007, ulikuta kati ya asilimia 63 na 82 ya wanafunzi wamepitia aina mbalimbali za uonevu. Msiilinganishe moja kwa moja na asilimia 9 ya walioonewa Norway mwaka 1983, maana Olweus alihesabu tu wale ambao jambo linajirudia. Dodoso mtakalochagua leo mlitumie hilo hilo mwakani, la sivyo hamtajua kama mmepiga hatua.

Kuhusu gharama nasema kwa ufupi. Nje ya Finland, KiVa hupatikana kwa leseni na mafunzo ya kulipia, na sehemu yake moja inahitaji kompyuta. Mpango wa Olweus nao unahitaji wakufunzi na vitabu vya kununua. Vifaa vya Raising Voices vinapatikana bure. Kinachogharimu hapo ni miezi 18 ya watu kukaa vikao.

Halafu sheria. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda imeviweka nje ya sheria kwa marekebisho ya sheria ya watoto ya 2016. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuandikwa kitabuni. Mpango wa Luwero haungoji sheria ibadilike, kwa sababu hakuna kanuni inayomlazimisha mwalimu kuchapa.

Viranja nao wanahitaji neno lao. Shule nyingi zikisikia “washirikisheni wanafunzi” zinawaongezea viranja mamlaka. Mapitio ya Maria Ttofi na David Farrington ya mwaka 2011, yaliyokusanya tathmini 44, yalikuta kwamba kazi ya kuwatumia wanafunzi kusuluhisha au kushughulikia kesi iliambatana na kuongezeka kwa walioonewa. KiVa inamwomba mwanafunzi awe rafiki. Haimpi ufunguo wa bweni wala ruhusa ya kuadhibu, na hapo msichanganye.

Kumwita mwonevu na kumkabili, au kuzungumza naye kwa upole bila kumtuhumu? Turku walilipima hilo pia, katika kesi 339. Kwa jumla uonevu ulisimama katika takriban asilimia 78 ya kesi, kwa njia zote mbili. Kumwambia waziwazi kwamba jambo hili linakoma leo kulifanya vizuri zaidi kwa wanafunzi wa madarasa ya juu. Kwa maneno, si kwa fimbo, na ufuatiliaji baada ya wiki mbili.

Ningechagua nini

Shule ya msingi ambayo walimu wameshaacha fimbo, ina kompyuta kidogo na wazazi wanaoweza kuchangia: chukueni KiVa, na msiruke masomo mkabaki na vizibao.

Shule ambayo fimbo bado ndiyo lugha ya asubuhi, iwe ya msingi au sekondari, ianze na Luwero, hata kama tatizo lililowakutanisha ni watoto kuoneana. Najua inauma kuambiwa mliitisha kikao cha wanafunzi na sasa kinawahusu ninyi. Lakini nimeona masomo ya upendo yakifundishwa saa nne na mwalimu aliyechapa mstari mzima saa mbili, na watoto wakaandika walichotakiwa kuandika kwenye daftari.

Sekondari ya bweni, na hasa muhula ambao kidato cha kwanza wanaripoti: Bergen, na kutoka Turku azimeni wale marafiki wawili hadi wanne wa faragha. Msitarajie nusu. Mapitio mapya zaidi, yaliyokusanya tathmini 100, yanaonyesha kwamba kwa wastani mipango hii hupunguza uonevu kwa asilimia 19 hadi 20, na idadi ya wanaoonewa kwa asilimia 15 hadi 16. Shuleni kwenu, asilimia 15 inaweza kuwa watoto kumi wanaolala usingizi.

Na hata kabla dodoso halijachapishwa, pangeni zamu ya mtu mzima bombani kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Abebe tochi. Aulize kila ndoo ni ya nani.